Nusu Isiyotulia

Kila asubuhi mzee Anyosisye, ambaye alikuwa ameshakufa, alimuuliza mkewe swali lilelile.

"Gwakisa amerudi?"

"Bado, Baba Gwakisa. Yuko njiani."

"Mwambie asikimbize gari. Barabara ina utelezi."

"Nitamwambia."

Mama Sekela alijibu huku akilifuta vumbi bamba lenye sauti ya mzee kwa upindo wa kanga, kama alivyokuwa akimfuta mumewe makombo ya ugali kidevuni siku za mwisho za uhai wake. Kisha alimpa habari za ng'ombe, za mvua ya Tukuyu isiyojua kupumzika, na za ndizi zilizoangushwa na upepo. Mzee aliitikia kila habari pale pale palipostahili kuitikiwa. Mazungumzo yakiisha, Mama Sekela alikwenda jikoni akiwa na uso wa mwanamke aliyeolewa vizuri.

Nyuma ya mlango wa chumba cha pili, Atuganile alisikia yote. Alikuwa mke wa Gwakisa. Tuseme mjane wa Gwakisa, ingawa katika nyumba ile neno hilo halikutamkwa karibu na sebule. Gwakisa aliendesha lori la majani ya chai, na siku moja ya mvua lori liliacha barabara kwenye mteremko. Baba yake alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Gwakisa walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, ubavuni pa mzee. Mtaa wote ulijua. Bamba tu ndilo lilikuwa halijaambiwa.

Na ajabu ya nyumba ile ni kwamba Atuganile alikuwa fundi wa mabamba, tena fundi anayesifika mpaka Kyela. Watu walimletea wazee wao wakingali hai, akawarekodi wakisimulia, wakigomba, wakiimba vibaya, mpaka sauti na tabia zao zikaingia kwenye bamba. Bamba la mkwewe alilitengeneza yeye mwenyewe, kwa mikono yake, lakini sauti ilikuwa imezimwa, na mzee alikaa chumba kingine akirekodiwa na Gwakisa. Ukoo ule ulikuwa bado unashika mila ya kukwepana: mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, hapiti mbele yake. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mzee hata "Ugonile" ya asubuhi. Mzee alipokuja sebuleni, yeye alitokea mlango wa nyuma. Mzee alipokufa na kurudi katika bamba, mila ilirudi naye. Watu wa karakana walimtania kwamba yeye ndiye mkwe pekee duniani anayemkimbia marehemu, naye alicheka nao. Moyoni aliona ni heshima, na heshima haina haja ya kumfaa mtu kitu.

*

Bwana Mshighati, mkaguzi wa mabamba, alifika saa nne asubuhi akiwa ameloa mpaka magotini. Alikuwa mtu wa Same, mpole, na ilikuwa wazi kwamba kazi yake haimpi usingizi mzuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone mume wangu anavyoongea. Hajambo kabisa."

Alikaa mbele ya bamba. Lilikuwa dogo, la ukubwa wa sahani ya chai, limefungwa ndani ya kioo. Ukilitazama kwa macho huoni kitu. Ukilitazama kwa chombo cha karakana unaona sega la nyuki lisilo na mwisho, na kila ukuta wa sega hilo ni sumaku moja, ndogo kuliko chembe ya vumbi, yenye kichwa na mkia. Mkaguzi alichomeka waya wa kipimo, akaupitisha dirishani mpaka barazani, ambako Atuganile alikaa kwa adabu zake, kipimo mapajani.

"Mzee," alisema Bwana Mshighati, "mimi ni mgeni. Kwetu jua ni kali, hata mbuzi wanatafuta kivuli. Nikija tena nikuletee nini?"

"Gwakisa amerudi?" liliuliza bamba.

"Sijamwona. Mzee, nasikia harufu ya moshi. Nadhani paa lako linaungua."

"Mwambie asikimbize gari."

Mama Sekela alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemfunika mwenzake aibu. "Leo amechoka," alisema. "Muulize habari za ng'ombe, utaona."

Mkaguzi hakuuliza habari za ng'ombe. Alitoka barazani, akachuchumaa kando ya Atuganile, na sauti yake ikashuka.

"Dada, wewe ni fundi. Sihitaji kukuzungusha."

"Njiapanda zote zimejipanga," alisema Atuganile. "Naona."

Kwenye sega lile, sumaku hukutana tatu tatu, na kila zinapokutana mafundi wanapaita njiapanda. Sumaku tatu haziwezi kuridhika zote kwa pamoja. Mbili zikielewana, ya tatu inakosa. Ndiyo maana bamba jipya halitulii: kila njiapanda ina aliyekosa, anageuka kutafuta haki yake, akigeuka anamkosesha jirani, na msukosuko huo hauna mwisho. Katika msukosuko huo ndimo mtu anamokaa. Unamwuliza jipya, anajibu jipya. Lakini kila neno linalosemwa mbele ya bamba linazisukuma sumaku kidogo. Maneno ya namna nyingi yanazichanganya, nazo zinabaki hai. Neno moja likirudiwa kila siku linazichana kama kitana kinavyochana nywele, mpaka zinalala upande mmoja. Hapo bamba linakuwa limetulia, na lililotulia ni kasuku. Sheria ya kuyazima mabamba ya namna hiyo, yasiwashwe tena, ilitungwa baada ya watu kuzeeka wakizungumza na kasuku, matanga hayaanuliwi, wajane hawavui nguo nyeusi.

"Alikuwa akiambiwa neno gani?" aliuliza mkaguzi.

Atuganile alitazama sebuleni, kisha akatazama migomba. "Kwamba mwanawe yuko njiani."

Bwana Mshighati alifahamu. Alikuwa ameyaona makaburi mawili alipokuwa akiingia. Alikamua maji kwenye pindo la suruali.

"Lakini tazama hapa," alisema Atuganile. "Namba ya juu ni ya njiapanda, imefika mwisho. Namba ya chini ni ya sumaku zenyewe. Kwenye mabamba yote niliyowahi kushika, ya juu ikipanda ya chini inakufa. Hii haijafa. Njiapanda zimejipanga sawasawa, ila ndani yake sumaku bado zinageuka. Nusu imetulia, nusu inatembea."

"Nimewahi kusoma kwamba inawezekana. Kwenye bamba la mtu sijawahi kuiona." Alitikisa kichwa. "Dada yangu, mimi siruhusiwi kupima kinachotembea. Napima majibu. Nipe kitu kimoja ambacho kasuku hawezi kukifanya, nitaliacha. La sivyo narudi kesho mchana kulizima. Waiteni watu wa kanisani, muanue matanga."

*

Asubuhi iliyofuata Mama Sekela alimsalimia mumewe kama kawaida, akamdanganya kama kawaida, akafunga kilemba kwenda kumwona mchungaji. Hakulia. Alisahau tu kuzima sauti ya bamba, kitu ambacho hakuwahi kukisahau.

Atuganile alikuwa akichambua mchele chumbani. Nyumba ilikuwa kimya, mvua inapiga bati.

"Gwakisa amerudi?" liliuliza bamba.

Hakukuwa na wa kumjibu. Atuganile aliinamia ungo wake.

"Gwakisa amerudi?"

Alitaka kutokea mlango wa nyuma. Hakutoka. Alikuwa amelisikia swali hilo kila siku kupitia ubao wa mlango, na kila siku alifanya dhambi ndogo ambayo hakumwambia mtu: alipumzika ndani yake. Gwakisa hakuwa na bamba. Kila alipomwambia aje arekodiwe alisema wiki ijayo, mwenye haraka ya kufa ni nani? Fundi aliyewabakizia watu wa wilaya nzima sauti za wapenzi wao hakubakiwa hata na kikohozi cha mumewe. Mahali pekee duniani ambapo Gwakisa alikuwa bado anarudi nyumbani ni kwenye lile bamba, na mchana litazimwa.

"Gwakisa amerudi?"

Aliweka ungo chini, akafungua mlango, akaingia sebuleni. Alisimama mbele ya mkwewe kwa mara ya kwanza, kichwa wazi, mikono ina vumbi la mchele.

"Hajarudi, Baba," alisema. "Hatarudi. Gwakisa alikufa. Lori lilimwangukia mteremkoni, na mimi ndiye niliyemtambua kwa viatu. Tumekuwa tukikudanganya."

Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Alingoja. Sasa lingesema barabara ina utelezi, naye angejua kwamba amemwaga maneno yake mbele ya kasuku.

Bamba lilinyamaza.

Alingoja tena. Bamba lililotulia halijui kunyamaza. Unalisemesha, linatoa lililonalo, kwa sababu ndani yake hakuna wa kulizuia. Atuganile alikikimbilia kipimo kilichoachwa dirishani. Namba ya juu ilikuwa palepale. Namba ya chini ilikuwa ikiruka namna ambayo hajawahi kuiona hata kwenye bamba jipya, na sebuleni hakuna neno.

Mama Sekela alimkuta hivyo, amepiga magoti kando ya bamba na uso umelowa. Alimtazama mkwewe, akatazama kichwa chake kisicho na kanga, akalitazama bamba.

"Umesema naye."

"Nimesema naye, Mama. Nisamehe. Nimemwambia."

Mama Sekela alishika nguzo ya mlango. "Kakujibuje?"

"Hajanijibu. Amenyamaza kabisa."

Uso wa yule mama ukafunguka taratibu, kwanza kwa kicheko, kisha kicheko kikamshinda kikawa kilio.

"Amekukwepa," alisema. "Ee Mungu wangu. Amekukwepa! Basi yupo. Kasuku ana mkwe?"

Alijikokota mpaka kwenye kiti chake, akalishika bamba kwa mikono yote miwili. "Baba Gwakisa. Ni mimi. Alilosema binti ni kweli. Mtoto wetu alikufa. Nilishindwa kukwambia, nikaona nife nalo mimi."

Mvua ikapiga bati. Kisha sauti ikatoka, polepole, kama ya mtu anayeamshwa.

"Mmemzika wapi?"

Neno hilo halikuwamo katika yale yote ya kila siku. Mama Sekela aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Kwenye migomba. Ubavuni pako, mkono wa kushoto."

"Ndaga," alisema mzee. Ndivyo wanavyoshukuru kwao.

*

Bwana Mshighati alipokuja mchana alikisoma kipimo, akasimuliwa, akakaa chini bila kukaribishwa. "Nimelipata jibu," alisema mwishowe. "Nitaandika kwamba yu hai." Alikunywa chai vikombe viwili, na alipoondoka alikuwa na uchangamfu wa mtu ambaye angalau mara moja kazi yake haikumliza mtu. Mama Sekela aliimba jikoni.

Kulipokucha aliketi mbele ya mumewe akiwa amevaa kitenge kipya.

"Gwakisa amerudi?" aliuliza mzee.

Nyuma ya mlango, Atuganile alifumba macho. Fundi mzima, na hakuwaza hilo! Furaha ilikuwa imemla akili. Njiapanda zilikuwa zimejipanga, na njiapanda ndizo zilizobeba swali. Lingeulizwa leo, lingeulizwa kesho, lingeulizwa mpaka kioo kipasuke. Nusu iliyokuwa hai ilisikia jibu, ikaumia, lakini haikuwa na mahali pa kuliweka.

"Baba Gwakisa, nilikwambia jana. Mtoto wetu alikufa."

Namba ya chini ilipaa kama jana.

"Nani alikuwa naye?"

"Hakuna. Alikuwa peke yake."

Sauti iliyotoka baada ya hapo haikuwa neno, na Mama Sekela alishindwa kukaa, akatoka nje kwenye mvua.

Asubuhi nyingine aliamua kurudia uongo. Alidhani ungekuwa mwepesi, kwa kuwa mdomo ulishauzoea.

"Gwakisa amerudi?"

"Bado. Yuko... yuko njiani."

"Mwambie asikimbize gari. Barabara ina utelezi."

Zamani alidhani anamtuliza. Sasa alijua ndani ya kioo kuna mtu anayesikia, anayemwamini, na anamwogopea mwanawe utelezi uliokwisha kumwua. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama kwenye migomba.

Wajane wawili walikaa jikoni, moto katikati yao, sufuria halijatelekwa.

"Nieleze kama fundi," alisema Mama Sekela. "Usinionee huruma."

"Naweza kulipasha moto, Mama. Likipata moto mpangilio wote unavunjika, sumaku zinachanganyika upya. Ataongea vizuri, atacheka, swali litatoka. Lakini hatakuwa yeye. Litajaa maneno yetu tutakayolisemesha. Utakuwa unaongea na wewe mwenyewe kwa sauti ya mumeo."

"Hilo sitaki. Mimi najijua, sina mazungumzo ya maana." Alijaribu kutabasamu. "Na nikiliacha?"

"Kila asubuhi utachagua. Umdanganye, au umwue mtoto wake upya."

"Na tukilizima, tunamzima mtu. Si kasuku."

"Ndiyo, Mama. Tunamzima mtu."

Atuganile aliona heri angekaa kimya siku ile na kuchambua mchele wake. Mkaguzi angekuja, angezima, nao wangelia kilio cha kawaida na kuanua matanga kwa amani. Yeye ndiye aliyethibitisha kwamba yupo wa kufa. Alilisema hilo waziwazi, na Mama Sekela akamshika goti.

"Usijute. Nilikuwa namdanganya ukuta, ukanionyesha ni mume wangu. Nisingependa kumzika bila kujua." Alisukuma kuni. "Nakumbuka jambo moja, lakini. Akishaambiwa ukweli, pale kati ya leo na kesho, anajua. Si kweli? Mpaka kupambazuke, anajua mwanawe yuko wapi."

"Anajua."

"Basi," alisema Mama Sekela, na hakumalizia.

*

Hawakumwita mchungaji, wala mkaguzi. Mama Sekela alioga, akavaa kile kitenge kipya, akafagia sebule. Atuganile alisimama nyuma ya mlango wake, mahali pake pa siku zote.

"Gwakisa amerudi?"

"Baba Gwakisa, nisikilize. Mtoto wetu alikufa kwa gari, siku ya mvua. Tumemzika kwenye migomba, ubavuni pako."

Alingoja naye mpaka kimya kilipoisha. Hakumharakisha.

"Alikuwa amekula?" aliuliza mzee.

"Alikuwa amekula. Mkewe alimpikia asubuhi, akamfungia na ndizi za njiani."

Nyuma ya mlango Atuganile aliuma kanga.

"Na mkewe yuko wapi?"

Mama Sekela aligeuka kutazama mlango. "Yupo. Yuko nyuma ya mlango, kama ilivyo desturi. Amesimama hapo siku zote hizi."

Mzee akasema, si kwa Atuganile, maana hakuwa mtu wa kuvunja adabu, bali kwa mkewe, na kwa sauti ya kutosha kusikika chumba cha pili:

"Asisimame. Mpeni kiti."

Mama Sekela alilibusu bamba. Aliinuka, akafungua mlango, akakivuta kiti chake mwenyewe mpaka mbele ya kioo, akamshika mkwewe mkono na kumleta.

"Zima, mwanangu," alimnong'oneza. "Zima kabla hajauliza tena. Mimi sitaweza kutazama." Akatoka kwenda kwenye migomba, bila mwavuli.

Atuganile alijitanda kanga vizuri kichwani, akainamisha macho, akaketi. Kiti kilikuwa bado na joto la mama yake. Kidole alikiweka kwenye swichi, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akasema.

"Nimekaa, Baba."

Bamba halikujibu. Namba ya chini ilipanda, ikapanda, naye akazima ikiwa bado inapanda.